Bisibisi Sikioni

2 Septemba

Kila mwaka mimi na Mwalimu hugombana juu ya jambo moja: trekta ya kukodi ilifika lini. Yeye hushikilia kwamba ilikuwa Oktoba, mimi nasema Novemba ilishaingia na mvua ya kwanza ilishapita. Mume wangu hufundisha historia, kwa hiyo akitaja tarehe anadhani imethibitika. Mwaka huu nimechukua daftari moja la shule na nitaandika mwenyewe mpaka tupande. Akibisha nitamfungulia ukurasa.

Basi kwa kumbukumbu: leo jua kali, wingu hakuna. Shamba la bondeni, nililorithi kwa marehemu baba, bado lina mabua ya mwaka jana. Udongo wake ni mzito, ukikauka jembe la mkono linadunda kama limegonga sakafu. Bila trekta hatulimi kitu cha maana, na tukichelewa kulima hatuvuni. Mwaka jana tulichelewa wiki tatu. Tulivuna magunzi.

3 Septemba

Mashine yangu ya kusaga imefanya kazi vizuri. Jua.

5 Septemba

Baba mdogo alikuja mashineni na debe lake la mahindi. Wajukuu wakija kusoma daftari hili wajue ni nani: ni mdogo wake marehemu baba, ndiye pekee aliyebaki katika ndugu watano. Amelimia watu mashamba kwa trekta yake kwa miaka zaidi ya thelathini, na kelele za injini zimemla masikio. La kushoto limekufa kabisa. La kulia linasikia ukilisogelea na kupaza sauti.

Ana desturi yake. Wateja wengine nikipima mahindi yao huinama juu ya mizani, macho yamewatoka. Siwalaumu, wenye mashine wengine wana vidole vyepesi. Lakini baba mdogo huweka debe, akaipa mizani mgongo, akatazama barabara mpaka nimguse bega kumwambia tayari. Nina miaka kumi na moja na mashine hii, na hajawahi kuisoma mizani hata siku moja. Kuna mteja aliwahi kumtania, "Mzee, utapunjwa wewe." Baba mdogo akauliza, "Na nani?" Hakuwa anajibu kwa maringo. Aliuliza kweli.

Leo unga ulipokuwa tayari hakuondoka. Akasema, "Namuuza Kikongwe."

Kikongwe ndiyo trekta yenyewe. Ni mkubwa kwangu kwa umri, na mimi si mtoto.

"Macho nayo yameanza kufuata masikio," akasema. "Nakuambia wewe kwanza. Ukikataa ndiyo nitatangaza kwa watu."

Nikajitia hamnazo, nikaendelea kupangusa vumbi la unga mahali ambapo nilishapangusa.

6 Septemba

Nimemweleza Mwalimu. Amesema tutazungumza. Hatujazungumza.

8 Septemba

Tumezungumza, kama ni mazungumzo yale. Mwalimu alikuwa na hoja zake amezipanga tayari: trekta ni nzee, vipuri vyake havipo madukani, matairi yamebaki ngozi, stata haishiki mpaka waiegeshe kwenye mteremko, na akiba tuliyonayo ni ya paa la chumba cha nyuma, ambalo likivuja tena dari itatuangukia kitandani.

"Ile si trekta," akasema. "Ile ni mgonjwa. Unataka kununua mgonjwa."

Nikamwambia daktari wake yumo humu ndani. Injini ya mashine ya kusaga nimeifungua na kuifunga kwa mikono yangu mara nne, na kazi hiyo alinifundisha baba mdogo mwenyewe. Nilikuwa na miaka tisa. Alinikalisha juu ya madigadi ya Kikongwe, akanipa bisibisi ndefu, akasema, "Ncha iweke kwenye injini, mpini uweke sikioni, halafu nyamaza." Kwa njia hiyo unasikia kila chuma kinasema nini ndani. Bisibisi ile ninayo mpaka leo.

Mwalimu akanitazama, akasema taratibu, "Basi unanunua utoto wako."

Nikasema nguo zinaningoja kwenye kamba.

12 Septemba

Nimekwenda kwa mwenye trekta ya kukodi. Jina lake wengi wamelisahau, tunamwita Foleni, kwa sababu ukimuuliza lolote anajibu uko kwenye foleni. Nimeuliza mimi ni wa ngapi.

"Mama, foleni haihesabiwi," akasema. "Foleni inasubiriwa."

Trekta yake inang'aa, ina hata redio. Itaanza kwa wenye mashamba makubwa, itamalizia kwetu tulio bondeni. Nimerudi nyumbani nimeamua kununua. Nilipofika chumbani nikaona doa la maji kwenye dari, nikaamua kutonunua.

14 Septemba

Mwalimu amelegeza kamba. Tuliangalia dari pamoja, tukaangalia na mabua bondeni, akasema, "Nenda ukamkague. Lakini usimsifie. Ukisifia umejipandishia bei mwenyewe."

Hilo halihitaji kufundishwa. Huku kwetu mnunuzi asiyeponda anaonekana mjinga. Hata kuku anayetaga kila siku huambiwa usoni kwamba amekonda. Muuzaji naye anajua, anaapa kwamba hakupata kuona kuku mnene kama huyo, na wanakutana katikati wakicheka. Mwalimu akanihesabia vya kuponda: matairi, stata, viti, rangi. Nikamwambia trekta ina kiti kimoja.

15 Septemba

Nimetoka kumkagua Kikongwe.

Baba mdogo alikuwa amemsafisha. Alimpangusa hata taa, ambazo hazijawaka tangu nikiwa msichana. Tulimsukuma kidogo mteremkoni, akawaka kwa mtetemo uleule unaoingia miguuni kabla haujafika masikioni. Mama mdogo, mke wake, alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi kutazama.

"Anakunywa maji," baba mdogo akaniambia. "Namjaza asubuhi, ikifika saa sita amekunywa yote. Na nguvu zimepungua. Zamani ningesikia mwenyewe tatizo liko wapi." Akagusa sikio lake. "Sasa nasikia mvumo tu. Msikilize wewe, uniambie anaumwa nini."

Nikafungua rejeta, nikaona mapovu. Nikaweka bisibisi sikioni. Kisha nikalegeza paipu za dizeli moja moja, jinsi alivyonifundisha: silinda ikiwa nzima, ukiikatia dizeli mlio wa injini unabadilika. Ya kwanza, ukabadilika. Ya nne, ukabadilika. Ya pili na ya tatu, hakuna mabadiliko. Majirani wawili wanapokufa pamoja namna ile, jibu ni moja: gasketi imeungua katikati yao. Gasketi ni bati laini linalokaa kati ya kichwa cha injini na mwili wake, basi. Unalitoa, unaweka jipya. Ni kazi ya siku moja, na jioni unaoga.

Nilijua. Naandika hapa kwamba nilijua, hata kama sikuwa nimefungua.

Nikazima. Akanisogelea na sikio lake la kulia. Nilikuwa na maneno ya matairi yote mdomoni. Badala yake nikasema, "Bloku imepasuka."

"Eh?"

Hakusikia. Ningeweza kusema kitu kingine hapo. Nikashika bega lake, nikaweka mdomo karibu na sikio, nikapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika: "Bloku, baba. Imepasuka."

Bloku ndio mwili wenyewe wa injini. Ikipasuka, injini ndiyo imekwisha.

Nilikuwa nasubiri aape. Nilisubiri aseme nimechanganyikiwa, bloku ya Kikongwe haipasuki hata ikipigwa nyundo, nami ningecheka na kutaja bei yangu, naye angetaja yake. Hakuapa. Aliweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa bado ya moto, akakiacha pale.

"Umesikia vizuri?" akauliza.

"Nimesikia."

"Haya," akasema. "Ahsante, mwanangu."

Bei hatukutaja. Mama mdogo alinifungia maharage ya kwenda nayo nyumbani kama kawaida yake.

Si vibaya sana. Ni maneno ya sokoni tu, nimetia chumvi. Atakuja wiki hii na bei ya chini, nitanunua, nitafungua kichwa, nitamwita aone: baba, tumshukuru Mungu, kumbe ilikuwa gasketi. Atafurahi kuliko hata mimi.

16 Septemba

Hajaja.

17 Septemba

Hajaja. Upepo na vumbi.

20 Septemba

Mwalimu anasema nisiende. "Anayerudi kwanza ndiye aliyeshindwa. Mwache ateremke mwenyewe." Sikumwambia nilichosema kuhusu bloku. Alipouliza niliponda nini nilijibu, "Matairi."

27 Septemba

Baba mdogo alikuja kusaga. Akaweka debe, akaipa mizani mgongo.

Nikampimia. Nikasema, "Baba, ile trekta."

"Eh?"

Mashine ilikuwa inavuma na nyuma yake kulikuwa na watu saba wenye ndoo na magunia. Kiziwi humnong'onezi. Neno lile ningelitoa kwa sauti, mbele ya watu saba ambao wote huleta mahindi yao kwangu kwa sababu hawajawahi kusikia nimemdanganya mtu.

Nikamgusa bega. "Unga wako tayari," nikasema.

1 Oktoba

Wingu dogo upande wa milima, likapotea. Watu wameanza kuchoma mabua.

Nimemwambia Mwalimu kwamba nataka kwenda. Akasema nivumilie siku chache. Ukweli ni kwamba sivumilii, naogopa. Nikienda kabla yake nitakuwa nakwenda kusema nini? Kama kununua, atauliza kwa nini nanunua injini mfu. Kila njia inapita kwenye bloku.

3 Oktoba

Nitakwenda kesho.

4 Oktoba

Mkanda wa mashine umekatika. Kesho.

5 Oktoba

Wateja wengi. Kesho.

7 Oktoba

Mawingu siku nzima. Foleni amepita barabarani na redio yake, anakwenda mashamba makubwa. Nimepanga Jumatatu asubuhi kabla sijafungua mashine. Nitamwambia nilikosea, nimefikiri tena, naomba nimsikilize mara ya pili. Sitalazimika kusema kwamba nilidanganya. Nimeridhika na mpango huu na nimekula vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii.

9 Oktoba

Ndiyo Jumatatu yenyewe. Nilikwenda.

Nilianza kuona lori nikiwa mbali, limeegeshwa mlangoni kwa baba mdogo. Nikadhani ni wageni. Nilipokaribia nikasikia nyundo.

Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wawili na mtungi wa gesi wa kukatia. Kikongwe alishakatwa katikati, mahali pa gia boksi, kwa sababu mzima asingeingia kwenye lori. Magurudumu yalikuwa yameegemezwa ukutani. Kichwa cha injini kilikuwa chini kwenye nyasi, kimegeuzwa tumbo juu, na bloku imelala ubavu. Kona yake moja ilikuwa imevunjwa kwa nyundo asubuhi hiyohiyo. Mvunjo wake ulikuwa mweupe, mpya.

Nikachuchumaa. Nikapangusa bloku kwa upindo wa gauni, uso wote, mpaka nikajiona kivuli. Haikuwa na ufa. Hata wa unywele. Gasketi ilikuwa bado imeng'ang'ania juu yake, na kati ya tundu la pili na la tatu ilikuwa imeungua, njia nyeusi fupi isiyozidi kidole changu kidogo. Pale tu.

Mnunuzi mmoja akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Baba mdogo alikuwa ndani. Hakutaka kutazama. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha chumba cha mbele, mgongo umeelekea dirisha, na kofia yake ya kazini magotini. Aliponiona akanionyesha kiti cha pili.

"Usisikitike," akasema. "Nilijua ungekuja ukisikia."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilipaza sauti, sauti ikakwaruza.

"Ningekuambia, ungeinunua," akasema. "Nakujua. Ungesema unaitaka hivyohivyo, unihurumie, utumie akiba ya paa lenu kwa chuma kilichokufa. Mimi nimuuzie mtoto wa kaka yangu injini iliyopasuka? Nikifa nitamwambia nini huko?" Akageuza kofia. "Hata mtu mwingine alikuja, wa ng'ambo ya mto, ana pesa zake mkononi. Nikamwambia bloku imepasuka. Akaondoka. Wengine wangemficha."

Sauti ya gesi ikaanza tena nje. Yeye hakuisikia. Mimi niliisikia yote.

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, nikaona jinsi alivyonitazama, kwa huruma, ananihurumia mimi. Nikafunga.

Walipopakia, akatoka mara moja tu kuwaomba usukani. Wakampa. Nikaaga, nikaondoka.

10 Oktoba

Nimemwambia Mwalimu yote. Chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Mimi nilikwambia useme matairi. Matairi yameisha kweli."

Sina wa kumsukumia lawama.

11 Oktoba

Mawingu.

19 Oktoba

Mvua ya kwanza. Imenyesha tangu alfajiri mpaka saa nne, nzuri, ya kutulia, mvua ambayo ukiwa na trekta unaingia nayo shambani siku ya pili. Tumeweka ndoo mbili chumba cha nyuma. Akiba ya paa ipo yote, haikuguswa, na bati hatujanunua. Hatuna trekta na hatuna paa. Mwalimu amefanya mzaha kwamba walau ndoo tunazo. Nilicheka, kisha nikaenda kulia stoo, kwenye magunia.

26 Oktoba

Tumejaribu kulima kwa mkono, mimi na Mwalimu na vibarua wawili. Tumepata kipande kidogo kama uwanja wa nyumba. Viganja vimechubuka. Mwalimu amevumilia, kajikaza, hakunisema hata neno. Afadhali angesema.

1 Novemba

Leo alikuja mtu nisiyemjua na pampu ya maji kwenye toroli. Ametoka mbali. Nikamuuliza kwa nini amepita mafundi wote njiani.

"Mzee mwenye trekta amenielekeza," akasema. "Amesema wewe husemi uongo hata ukiwa na faida ndani yake. Amesema trekta yake ulikuwa unaitaka tangu utoto, na bado ulimwambia ukweli kwamba imekwisha."

Nikaikagua pampu. Nikamwambia ina nini, nikamwonyesha kwa kidole, nikamfungulia aone mwenyewe. Sikutaka aniamini.

5 Novemba

Wengine wawili. Mmoja na pikipiki, mmoja na jenereta. Baba mdogo ananitangaza kila anapokaa. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, tulikuwa tukiimba hayo shuleni kwa sauti moja wala hatukujua maana yake. Wangu amekuja na watu wamemshangilia.

9 Novemba

Mvua. Foleni hayupo.

16 Novemba

Foleni amefika bondeni leo, tarehe kumi na sita. Naandika kwa herufi kubwa ili isibishwe: KUMI NA SITA NOVEMBA. Amelima kutwa moja akamaliza, redio inaimba. Mwalimu alisimama kando yangu. Nikamwambia, "Umeona tarehe?" Akasema ameiona. Hatukugombana. Nilikuwa nimengoja ugomvi huo mwaka mzima.

18 Novemba

Tumepanda. Tumechelewa wiki nne.

24 Novemba

Nimekwenda kwa baba mdogo. Sikujipangia maneno safari hii, kwa sababu kila nilipopanga maneno nilijipangia na mlango wa kutokea.

Alikuwa uani na mama mdogo, wanachambua maharage kwenye ungo. Usukani wa Kikongwe ulikuwa umetundikwa ukutani juu ya kichwa chake. Nikavuta kigoda upande wa sikio la kulia.

"Baba, bloku haikuwa imepasuka."

"Eh?"

Mara mbili nilidanganya na mara mbili nikakiri. Nikapaza sauti. Jirani wa upande wa pili aliacha kupasua kuni, nikajua anasikia, nikaendelea hivyohivyo. Nikamwambia ilikuwa gasketi, kwamba nilijua siku ileile, nilitaka ashushe bei, na nilikuwa nimepanga kumshangaza baadaye. Hilo la kumshangaza lilipotoka mdomoni nililisikia lilivyo la kitoto.

Mama mdogo alikuwa ameshika kiganja cha maharage hewani. Akakiteremsha.

"Mafundi hukosea," baba mdogo akasema. "Hata mimi nimewahi."

Alikuwa ananipa njia. Nilikuwa nimechoka na njia.

"Sikukosea, baba. Nilisema uongo."

Akaacha kuchambua. Kisha akauliza, "Gasketi tu?"

"Gasketi tu."

"Gasketi ninayo," akasema.

Akainuka, akaenda stoo. Akarudi na kitu kimefungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji, kilichokaa msumarini nyuma ya mlango miaka isiyojulikana. Akakifungua magotini. Ilikuwa mpya, ina grisi yake, matundu manne makubwa. Akapitisha kidole kutoka tundu la pili kwenda la tatu.

"Nilinunua mbili," akasema. "Nikasema siku moja itahitajika."

Mama mdogo akasema, "Mume wangu, weka hiyo." Hakuiweka.

Nikamwomba anisamehe. Akasema, "Yamekwisha." Akasema mara moja, bila hasira, kama mtu anayefunga mlango wa banda. Nikadhani ndiyo basi. Lakini baadaye kidogo, bado anaitazama gasketi, akaongeza:

"Mnunuzi ningemuuliza bei. Wewe nilikuuliza anaumwa nini."

Nilipoondoka mama mdogo alinifungia maharage. Sikustahili, lakini kukataa kungekuwa kosa lingine.

25 Novemba

Mahindi yameota. Mistari imenyooka.

30 Novemba

Mwenye jenereta aliyeletwa na sifa za baba mdogo amerudi na jenereta yake. Nimemwambia habari yote. Akasema, "Aisee," akafikiri, halafu akanikabidhi jenereta. Akaomba tu niifungue mbele yake.

8 Desemba

Mvua ya jana imekwenda vizuri. Mahindi yetu yanafika kifundo cha mguu, ya mashamba makubwa yamepita goti. Mwalimu anasema pengine mvua zitachelewa kuisha. Pengine.

Baba mdogo alikuja kusaga leo, mara ya kwanza tangu siku ile. Nilikuwa nimeanza kuhofu anapeleka kwingine. Alikuwa mchangamfu. Alinisalimia kwa jina langu la utotoni, akamtania mama mmoja kwenye mstari kwamba ndoo yake ni kubwa kuliko njaa yake, akauliza habari za paa. Nikamwambia mafundi wanaanza kesho. Akasema vizuri, vizuri sana.

Akaweka debe lake juu ya mizani. Mimi nikasogeza mkono kama ninavyofanya siku zote, nikasubiri ageuke atazame barabara.

Hakugeuka. Alitoa miwani mfuko wa shati, akaipangusa, akaivaa. Akainama. Macho yake si mazuri tena, kwa hiyo ilimchukua muda kuuona mshale ulipo. Wala hakufanya kwa uchungu au kwa kunionyesha. Aliinama kama wanavyoinama watu wote.

Nikasubiri amalize kusoma, kisha nikawasha mashine.